Chikichi Isiyo na Gamba

Walimpasua Julie mchana, juu ya mlango wa bati uliong'olewa jikoni kwa mama mkwe wangu, kule Banalia, hatua chache kutoka mto Aruwimi. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Alikuwa amekufa tangu alfajiri, kwa hiyo hakusikia kitu. Mimi nilisikia. Wanaume wawili walinikalia mgongoni na uso wangu ukiwa kwenye majivu, lakini masikio hayakaliwi.

Kwa watu wa mume wangu, mtoto akifa na hakuna anayejua kilichomuua, tumbo lake hufunguliwa kutafuta likundu. Likundu ni uchawi wenye mwili, kinyama kinachokaa ndani ya tumbo na kula watu wa nyumba. Nacho hurithiwa. Mtoto wa kiume hukipata kwa baba yake, mtoto wa kike kwa mama yake. Hiyo ndiyo sheria yao, na wanaishika kama Wakristo wengine wanavyoshika Ijumaa Kuu. Wazungu walikuwa wamekataza kupasua, ndiyo maana tulimtoa Julie Kisangani ndani ya lori la magunia ya mchele, nimempakata, nimemfunika uso kama mtoto aliyelala. Nilidhani tunakwenda kumzika kwa babu zake.

Shemeji yangu Valère ndiye aliyeshika kisu, kile cha kuchunia nguruwe wa porini. Alitafuta kidogo tu.

"Iko hii!" alisema. "Mama, kuya uone. Iko hii hapa!"

Akainua bandama la mwanangu, jeusi, lililovimba mara tatu ya kipimo chake. Leo najua kwamba ni bandama. Siku ile nililiona kama walivyoliona wao, na kwa kitambo kifupi nikaamini. Hilo siwezi kulisamehe, wala kwao wala kwangu.

Mama mkwe wangu, Colette, aliwageukia watu. "Mutoto huyu ni mwanamuke ao mwanaume?"

"Mwanamuke!"

"Alors, basi, ametoa likundu kwa nani?"

"Kwa mama yake!"

Akachukua mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilinipata bega, la pili likavunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa sababu niliuinua kujikinga. Havikunyooka tena. Walinipiga mpaka mchi ukapasuka. Mume wangu Urbain alisimama kwenye mlango usio na mlango, akitazama viatu vyake.

Nieleze Urbain alikuwa nani, maana hakuzaliwa mwoga. Alikuwa fundi mwashi, baadaye alijenga kwenye bwawa la umeme la maporomoko ya Tshopo. Aliponioa watu walitusifu wote wawili kwa kitu kimoja. Mimi ni binti wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto mkubwa, na mama yangu alizaa watoto tisa. Homa ya malaria ilichukua watano kabla hawajafika miaka mitano. Mimi homa ilikuwa ikinishika siku mbili na kuniacha. Kwao Urbain walizaliwa wanane, wakabaki yeye na Valère. Mjomba wangu alisema kwenye harusi, "Wote wawili wana damu ngumu. Hawa watajaza nyumba."

Tulizaa watatu. Jacques alianza kuvimba viganja na miguu kabla ya kutimiza mwaka. Macho yalikuwa manjano, na alilia mifupa, "mama, mifupa," kama mzee. Alikufa ana miaka minne. Simone alikuja akiwa mzima, mnene, mwenye kelele. Kisha Julie, naye akavimba viganja vilevile. Jacques hakupasuliwa. Mama mkwe alisema hakuna haja, inajulikana nani aliyemla.

Baada ya Banalia, Urbain alipata ujasiri aliokosa kule. Alinipiga kila Jumapili baada ya misa, ndani ya nyumba yetu ya Kisangani, Simone akiwa chini ya kitanda. Alining'oa meno matatu. Alisema, "Rudisha watoto wangu," na kunipiga, na kulia, na kunipiga tena. Miezi mitano. Kisha akaleta mke mwingine, Pélagie, binti wa upande wa mama yake, mtu wa damu yao, ili asipatikane na mgeni mwenye likundu. Mimi nilitupiwa vyungu nje, na Simone pamoja nami. Nilikwenda kwa kaka zangu kwenye maporomoko. Walinikataza nisikanyage hata miti wanayotundikia mitego yao ya kikapu. Mwanamke mwenye likundu atafukuza samaki, walisema. Kaka yangu mkubwa alinirushia jiwe. Halikunipata. Alirusha la pili.

Kwa hiyo nikaenda kwenye shamba la majaribio ya michikichi, kilomita ishirini na mbili kwenye barabara ya Banalia, kwa sababu walikuwa wakiandika wanawake bila kuuliza wametoka wapi. Nilipewa chumba katika kambi ya wafanyakazi, na jiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chikichi za kila mti zililetwa peke yake, katika kapu lenye namba. Tulizimenya, tukazipasua kwa jiwe, tukatazama gamba linalozunguka kiini. Kulikuwa na chikichi za gamba nene, ngumu kama mfupa. Kulikuwa na za gamba jembamba, zenye nyama nyingi na mafuta mengi. Mara mojamoja zilikuja zisizo na gamba kabisa, kiini kitupu ndani ya nyama, na hizo zilikuwa chache kwa sababu mti wake huchanua vizuri, halafu mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Mti mrefu, wenye afya, usiozaa.

Nilikuwa napiga kwa nguvu kuliko wote. Kapita wetu, yaani msimamizi, Kasongo, mtu wa Maniema mwenye mdomo, alipita akicheka. "Mama Alphonsine, unapiga chikichi kama vile iko kichwa ya mama mukwe!"

"Iko kichwa yake, Papa Kasongo. Ondoka, usije ukarukiwa na ubongo."

Wanawake walicheka. Yeye akakaa. Siku ile nilikuwa na kapu la kitalu cha saba, na nilikuwa nimekasirishwa na jambo moja. Miti ya kitalu kile wazazi wake wote wawili walikuwa wa gamba jembamba, miti bora kuliko yote, na humohumo mlikuwa na miti tasa.

"Papa Kasongo," nikasema, "hii miti isiyozaa, nani aliileta? Labda upepo ulitupa vumbi ya muti mubaya."

"Upepo gani? Ua tulilifunga na mufuko kabla halijafunguka. Vumbi ya baba nilipuliza miye mwenyewe, na mudomo hii. Hakuna mugeni aliingia humo, hata inzi."

"Donc, basi, ubaya umetoka kwa mama."

"Aa, mama!" Akachukua chikichi tatu akazipanga kwenye goti lake. "Mwembamba si kitu chake peke yake. Iko nusu mnene, nusu bila gamba. Mnamuona muzuri, lakini amebeba nusu ya ule tasa ndani. Akizaa na mnene, hakuna mutoto tasa hata mumoja. Akizaa na mwembamba mwenzake, kila mumoja anaweza kutoa nusu ile. Nusu na nusu zikikutana kwa mbegu moja, basi, tasa. Mama peke yake hawezi. Baba peke yake hawezi."

Jiwe lilibaki mkononi mwangu.

"Wangapi?" nikauliza.

"Kwa mine, mumoja. Muzungu amehesabu miti elfu."

"Na mutu aliyepata wawili kwa watatu?"

Alinitazama. Habari zangu zilikuwa zinajulikana kambini, hakuna kambi isiyojua. Akasema polepole, bila kucheka tena, "Mama, nani alikuambia mbegu inajua kuhesabu? Kuna mustari kule wa miti mine, mitatu ni tasa. Kuna mustari wa nane, hakuna hata mumoja. Mbegu haiulizi ndugu yake alipata nini. Kila moja inatupwa mupya."

"Na kwa nini Muzungu hakati wembamba wote, kama ndani yao mna ubaya?"

"Akate wenye mafuta? Atabaki na nini? Ubora wao unatoka kwa ile nusu, mama. Ni ileile."

Nilimaliza kapu lile. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kumtafuta mwuguzi.

Shamba lilikuwa na zahanati, na mwuguzi wake alikuwa Assumani, Mwislamu mpole mwenye kucha safi. Nilimweleza juu ya viganja vya Jacques, macho ya manjano, kilio cha mifupa, bandama la Julie. Hakuniuliza kwa nini niliona bandama. Alinichoma kidole, akaweka tone la damu kati ya vioo viwili, akaziba kingo kwa mafuta ya vazelini pumzi isipite, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake nilitazama ndani ya mashine yake inayokuza vitu vidogo. Damu yangu ilikuwa vidonge vidogo vya mviringo, na katikati yao vingine vingi vilivyopinda na kuchongoka kama mundu wa kukatia majani.

"Uko na nusu, mama," Assumani alisema. "Nusu haikuuwi. Watoto waliokufa walipata nusu mbili. Moja kwako, moja kwa baba yao."

"Una hakika ya baba?"

"Nimuchome kidole, nitakuonyesha. Bila yeye isingewezekana."

Kisha akasema jambo lililoniumiza kuliko mchi wa Colette. Madaktari wameanza kuona, alisema, kwamba mtoto mwenye nusu moja malaria haimuui kwa urahisi. Ndiyo maana watu wa namna hiyo wamejaa kwenye nchi zetu za mbu. Wasio na nusu hufa na homa wakiwa wadogo, wenye nusu mbili hufa na mifupa, wenye nusu moja hubaki, wanaoana, wanasifiwa kuwa na damu ngumu. Ndugu zangu watano walikufa, mimi nikabaki. Kitu kilichoniacha hai mimi na Urbain ndicho kilichowaua Jacques na Julie. Hakuna mtu wa kumpiga kwa hilo. Nilitamani awepo.

Niliishi na maneno hayo miaka miwili bila kumwambia mtu. Nani angesikia? Lakini niliposikia kwamba Pélagie amezaa mvulana, niliuliza kila mtu aliyetoka mjini habari za viganja vyake. Na siku moja mwanamke mmoja sokoni aliniambia, "Vimevimba, kama za wale wako. Wanasema ni weye unamutumia likundu kutoka mbali." Nilijua basi kwamba mtoto yule akifa watakuja. Si kwangu, mimi walikwisha kunitupa. Watakuja kwa Simone. Alikuwa na miaka saba, msichana, na kwa sheria yao alikuwa na kilekile walichokiona tumboni mwa dada yake. Msichana aliye hai hapasuliwi. Hunyweshwa sumu ya kiapo, gome la mti lililotwangwa. Akitapika hana likundu. Akifa alikuwa nalo.

Walikuja Jumamosi saa tisa mchana, watatu, kwa miguu kutoka barabarani: Colette, Valère, Urbain. Nilikuwa barazani napasua chikichi za nyumbani, Simone ameketi karibu nami akila viini. Valère alikuwa na panga. Colette alikuwa na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa jani la mgomba.

"Tumezika jana," Colette alisema. Hakunisalimia. "Mutoto wa Pélagie. Simone anakunywa leo."

"Simone, ingia ndani," nikasema. Valère alikuwa amekwisha kuziba mlango.

Nilikuwa na jiwe mkononi na moyo ukinipiga mpaka kwenye meno yaliyobaki. Nikamgeukia mume wangu. "Urbain. Mulimupasua?"

Akamtazama mama yake.

"Mutoto wako, mulimupasua? Julie mulimupasua nikiwa chini ya matako ya watu. Huyu je?"

"Hakuna haja," Colette akasema. "Inajulikana."

"Urbain, nakuuliza weye. Ni nani alikataza?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama alikataza."

"Aha! Na kwa nini bokilo wangu alikataza?" Bokilo ni mkwe, na nililitamka neno hilo kama mtu anavyotema. "Mutoto mwanaume anatoa likundu kwa nani? Museme! Kule Banalia mulijua kujibu wote pamoja. Kwa nani?" Majirani walikuwa wametoka. Nikapaza sauti ili wasikie. "Basi twende tukamufukue! Mumufungue mbele ya watu. Kama bandama lake ni jeusi, limevimba kama la Julie, kwa sheria yenu amelitoa kwa Urbain. Na Urbain amelitoa kwa baba yake, na Valère vilevile. Wanaume wote wa nyumba yenu wakunywe kibuyu hiki!"

Niliona uso wa Colette, na nikajua kwamba alikuwa amefikiri hayo kabla yangu. Alijua. Aliogopa kufungua tumbo la mjukuu wake, akaja kumaliza habari kwa mwanangu.

Valère alinipiga kwa bapa la panga hapa, juu ya sikio, nikaanguka juu ya kapu. Nilipofungua macho Colette alikuwa amemkalia Simone kifuani, mkono mmoja unabana mataya, mwingine unamimina. Maji mekundu yalikuwa yakimtoka Simone puani. Sikusimama, hapakuwa na wakati. Nilijikokota kwa magoti, nikashika mkono wa Colette wenye kibuyu, nikaulaza kwenye ukingo wa baraza, nikaupiga kwa jiwe langu la kazi kama ninavyopiga gamba nene. Mara ya kwanza kibuyu kilipasuka. Mara ya pili vidole. Niliendelea. Sikumbuki mara ngapi. Valère alinikata panga la mgongo, kovu lipo, linaanzia bega na kuishia kiunoni, na mimi bado nilikuwa napiga. Nilimgeukia na jiwe likamvunja mfupa wa mkono karibu na kiwiko. Ule mlio naukumbuka. Ulifanana kabisa na mlio wa chikichi.

Kasongo alinishika kiuno kutoka nyuma. "Mama, basi! Basi! Mutoto anatapika, basi!"

Simone alikuwa anatapika. Alitapika mpaka akatoa nyongo, Assumani akamshika kichwa, na akapona. Urbain alisimama pale alipokuwa amesimama tangu mwanzo. Safari hii hakutazama viatu vyake. Alinitazama mimi.

Mahakamani sumu ya kibuyu haikuwapo, ardhi ilikuwa imeinywa. Mikono miwili iliyovunjika ilikuwapo. Nilifungwa miezi saba. Nilimwambia hakimu habari za chikichi na za kuchomwa kidole, Urbain akisikia, na mkalimani akacheka, na sidhani alitafsiri. Simone alibaki kwa mke wa Kasongo. Katika miezi ile sikuogopa chochote ila jambo moja, kwamba watarudi na kibuyu kingine.

Walikuja wiki mbili baada ya kutoka kwangu. Si wote, Urbain peke yake. Alikuwa amekonda. Pélagie alikuwa na mimba tena, na analia kila siku. Alisimama mbele ya zahanati akainua kidole kama mtoto wa shule.

"Anichome," akasema.

Assumani alimchoma. Nikamwambia amchome Simone pia. Kesho yake tulitazama, mmoja mmoja. Damu ya Urbain ilikuwa na mundu. Ya Simone vilevile, lakini mtoto mwenyewe alikuwa nje anaruka kamba na kupiga kelele, basi tukajua ni nusu moja tu.

"Hii ya Simone," nikamwuliza Assumani, "ameitoa kwa nani?" Nilitaka aseme kwa Urbain. Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa miaka mitano, ningelilamba.

"Kioo hakisemi, mama. Inaweza kuwa yako. Inaweza kuwa yake. Ni kitu kimoja."

Urbain alikaa kwenye benchi. Kisha akaniambia, "Alphonsine, ni mimi pia. Sawa. Lakini usiseme kwa watu. Wakijua, hakuna familia itatoa binti kwa watoto wa Valère. Mama atakufa na aibu."

"Mama yako iko na vidole vingapi vinafunga sasa kwa mukono ule?"

"Viwili."

"Miye iko na vitatu. Tumekaribiana."

"Alphonsine, nakuomba."

Nilimtazama nikafikiri vizuri, kwa sababu alikuwa baba wa watoto wangu na alikuja peke yake. Nikaona jambo hili waziwazi: nikinyamaza, mtoto wa Pélagie akizaliwa na viganja vikavimba, watatafuta tena msichana wa kunywesha. Habari ya Urbain ikijulikana, hawawezi kumgusa Simone bila kumgusa yeye kwanza, na Valère, na baba yao kaburini. Aibu yao ndiyo ukuta wa mwanangu. Sina mwingine.

Kwa hiyo nilitoka nje ya zahanati, saa ya mapumziko, kambi nzima ikiwa kwenye foleni ya chumvi, na nikaanza kusema kwa sauti, nikitaja majina. Urbain alitoka nyuma yangu akidhani ataniziba mdomo. Alipoona watu wamegeuka, akashusha mkono. Nilisema yote. Nimekwenda kuyasema Banalia sokoni, na kwenye maporomoko mbele ya kaka zangu. Na mwanaume atakayekuja kumtaka Simone, awe mrefu, awe na damu ngumu kama wanavyosifu, atatoa kidole kwanza.